Mtetezi wa muungano, mfuasi wa shirikisho au anayetaka kujitenga: jina lipi umpe nani

Katika Bunge Maalum la Katiba la Tanzania mwaka 2014, mjumbe aliyetaka serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar) badala ya mbili zilizopo (ya Muungano na ya Zanzibar) aliweza kuitwa mtetezi wa shirikisho, mpinga Muungano na mzalendo wa Zanzibar ndani ya juma moja, kutegemea nani alikuwa na kipaza sauti. Msimamo wake haukuwa umesogea hata kidogo. Mambo ni hayo hayo Barcelona (Catalonia, Hispania), Belfast (Ireland ya Kaskazini), Montreal (Quebec, Kanada) na Bamenda (Kameruni). Mwandishi wa habari, mfasiri, mwalimu wa uraia na mtu anayejiandaa kwa mdahalo wote hufika mahali ambapo lazima wachague jina moja, na jina hilo humwelekeza msomaji kabla hajaisikia hoja yenyewe.

Hapa chini majina yanayotumika zaidi yanapimwa kwa vigezo vilevile. Hakuna hata moja linalofaa kila mahali, na mengine yanafaa sana mahali pake.

Vigezo vinne

Kigezo kizito kuliko vyote ni hiki: jina lieleze muundo wa dola ambao mtu anautaka. Si vigumu kuujua. Chukua ilani ya chama chake au hotuba yake ndefu, utafute majibu ya maswali manne. Kiti cha Umoja wa Mataifa akikalie nani? Kodi atoze nani, na nani agawe? Nani anaweza kubadili mgawanyo wa madaraka bila idhini ya mwenzake? Na eneo likitaka kuondoka, je, lina haki ya kuwauliza wananchi wake?

Majibu hayo hutenganisha watu ambao vichwa vya habari huwafunga kamba moja. Anayetaka kiti kimoja na madaraka ya ngazi mbili yaliyolindwa na katiba, yasiyoweza kunyofolewa na upande mmoja, huyo ni wa shirikisho. Anayetaka kiti kimoja, na kituo, yaani serikali kuu, kibaki na neno la mwisho huku kikikabidhi kazi fulani chini, ni wa ugatuzi au mamlaka ya ndani. Anayetaka viti viwili vilivyounganishwa na mkataba ni wa muungano wa mkataba. Anayetaka viti viwili bila kamba yoyote ya lazima anataka uhuru kamili.

Kigezo cha pili ni kama mwenye jina analikubali. Cha tatu ni kama jina lina athari za kisheria: mashtaka, marufuku, au hata hesabu ya kura. Cha nne ni kama maana yake inabaki ileile ukivuka mpaka, na hiki ndicho kinachowaumbua wafasiri wengi.

Mtetezi wa muungano

*Linasema nini.* Anataka dola ibaki moja. Halisemi iwe na serikali ngapi, wala kodi zigawanywe vipi.

*Uzito wake.* Tanzania ni jina la heshima, na karibu kila mwanasiasa hulidai, wakiwamo wanaotaka Muungano ubadilishwe sura. Scotland ni tofauti: wengi waliopiga kura ya kubaki Uingereza mwaka 2014 hawajitambulishi hivyo, kwa sababu jina hilo linanukia siasa za Ireland ya Kaskazini na za chama cha Conservative. Kampeni yao yenyewe ilikwepa neno muungano ikajiita Better Together, yaani Bora Pamoja. Ireland ya Kaskazini jina limeingia kwenye sheria. Kufuatia makubaliano ya amani ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1998, kila mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria huandikishwa kuwa mtetezi wa muungano, mzalendo wa Ireland au mwingine. Maamuzi yanayohitaji ridhaa ya jamii zote hupita kwa wingi wa kila kambi kati ya mbili za kwanza pamoja na wingi wa jumla, au kwa asilimia 60 ya jumla yenye angalau asilimia 40 ya kila kambi. Aliyejiandika mwingine, kama wajumbe wa chama cha Alliance, anahesabiwa kwenye jumla lakini hana kambi ya kuilinda. Ni mahali pachache duniani ambapo jina la kisiasa linabadilisha nguvu ya kura bungeni.

*Linamfaa nani.* Mtu au chama kinachojitambulisha hivyo, au taarifa ya kura yenye majibu mawili tu, kubaki au kuondoka.

*Linapokwama.* Pale watetezi wa muungano wanapopingana wao kwa wao. Rasimu ya katiba mpya ya Tanzania iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza serikali tatu na kupunguza mambo ya Muungano hadi 7, kutoka 22 yaliyomo katika Katiba (mwaka 1964 yalianza 11). Waliotetea serikali mbili na waliotetea tatu wote walisema wanauokoa Muungano. Ukimwita mmoja mtetezi na mwingine mpinzani, umeshahukumu. Andika tu: anatetea serikali mbili, anatetea serikali tatu. Kiswahili kimetupatia hapa majina safi kabisa, na inasikitisha kuona yakiachwa.

Mtetezi wa katiba

*Linasema nini.* Kwamba mgogoro uamuliwe ndani ya katiba iliyopo. Huko Hispania jina hili lilichukuliwa na vyama vilivyopinga uhuru wa Catalonia, kwa sababu ibara ya 2 ya Katiba ya 1978 inatamka kwamba umoja wa taifa la Hispania hauvunjiki, na ibara hiyohiyo inatambua haki ya maeneo kuwa na mamlaka ya ndani.

*Uzito wake.* Linasikika kama sifa, na lina upande wa pili usiotamkwa: kwamba wapinzani ni wavunja sheria.

*Linamfaa nani.* Habari za Hispania, likiwekwa kama jina ambalo vyama hivyo vimejipa.

*Linapokwama.* Likivuka mpaka linapinduka. Katiba ya Ethiopia ya 1995, ibara ya 39, inayapa mataifa na makabila haki ya kujiamulia hadi kujitenga. Mtetezi wa katiba wa Addis Ababa anaweza kuwa anatetea haki ambayo mwenzake wa Madrid anaikana. Vivyo hivyo Saint Kitts na Nevis, ambako katiba iliruhusu Nevis kupiga kura ya kuondoka mwaka 1998. Waliotaka kuondoka walipata karibu asilimia 62, wakashindwa kwa kuwa theluthi mbili zilihitajika. Kila mtu katika kura ile alikuwa ndani ya katiba.

Mfuasi wa shirikisho

Jina hili ndilo linalosababisha makosa mengi, kwa hiyo tulitulie.

*Linasema nini.* Dola moja, ngazi mbili za serikali, kila moja na madaraka yake yaliyolindwa. Hapo maana ya vitabuni inaishia. Mitaani jina hubeba mwelekeo wa safari, na mwelekeo hutegemea mmeanzia wapi. Marekani mwaka 1787 na 1788, wafuasi wa shirikisho walikuwa wanaivuta nchi kuelekea serikali kuu yenye nguvu zaidi kuliko iliyokuwapo. Katika Umoja wa Ulaya pia, mfuasi wa shirikisho anataka kituo chenye nguvu zaidi. Hispania na Tanzania ni kinyume chake: anayetaka shirikisho anataka maeneo yapate zaidi. Quebec maana ni ya tatu kabisa. Huko ni mtu anayetaka jimbo libaki Kanada, hata kama hana haja ya Quebec kuongezewa chochote. Katika kura ya maoni ya mwaka 1995 kuhusu uhuru wa Quebec, kambi hiyo ilishinda kwa asilimia 50.58 dhidi ya 49.42, na ndani yake walikuwamo waliotaka mageuzi makubwa na wasiotaka lolote.

*Uzito wake.* Mahali penye amani ni jina la kitaalamu. Mahali penye vita linaweza kumfikisha mtu jela. Kameruni ilikuwa shirikisho hadi kura ya maoni ya Mei 1972 ilipolifuta. Mawakili na walimu wa maeneo yanayozungumza Kiingereza walipogoma mwishoni mwa 2016, viongozi wa umoja wa asasi uliosimamia migomo walizungumzia kurudishwa kwa shirikisho. Januari 2017 serikali iliupiga marufuku umoja huo na kuwakamata viongozi wake kana kwamba madai yao na ya wanaotaka nchi mpya ni kitu kimoja. Oktoba 1 mwaka huohuo, wanaotaka maeneo hayo yawe nchi inayoitwa Ambazonia wakatangaza uhuru. Sababu za vita ile ni nyingi, lakini jina moja lililobandikwa kwa kambi mbili liliwapunguzia nafasi waliosimama katikati.

*Linamfaa nani.* Mtu ambaye umeshapata majibu yake ya maswali manne. Ongeza kishazi kimoja cha kuonyesha mwelekeo: mfuasi wa shirikisho anayetaka Catalonia ibaki Hispania ikiwa na madaraka zaidi.

*Linapokwama.* Likiandikwa peke yake, bila kishazi hicho.

Mtetezi wa ugatuzi au mamlaka ya ndani

*Linasema nini.* Kukabidhi kazi na fedha kwa eneo, dola ikiendelea kuwa moja. Uingereza ndiyo mfano ulio wazi: Bunge la Scotland lipo tangu 1999, lakini mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba halina uwezo wa kutunga sheria ya kuitisha kura ya uhuru bila ridhaa ya London. Kenya iko mbele kidogo ya hapo. Kaunti 47 zina madaraka yaliyoandikwa katika Katiba ya 2010, hupata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na muundo wenyewe haubadilishwi bila kura ya maoni. Kwa swali la nani anaweza kubadili mgawanyo, Kenya inakaribia shirikisho bila kujiita hivyo.

*Uzito wake.* Ndilo jina tulivu kuliko yote. Kenya inaonyesha jinsi utulivu huo ulivyopatikana. Majimbo yalikuwa sera ya chama cha KADU wakati wa uhuru mwaka 1963, yakaondolewa mapema na serikali ya chama cha KANU. Miaka ya 1990 neno majimbo lilirudi likiambatana na kufukuzwa kwa watu katika Bonde la Ufa, na tangu hapo wengi walisikia ndani yake amri ya kuhama. Wazo la kugawa madaraka lilihitaji jina lisilo na jeraha hilo.

*Linamfaa nani.* Wanasera, walimu, na yeyote anayejadili fedha na huduma zaidi kuliko bendera.

*Linapokwama.* Likitumika kufunika dai kubwa zaidi. Chama kinachosema mamlaka ya ndani leo huku ilani yake ikitaja uhuru kama lengo la mwisho kiitwe kwa lengo hilo, na hatua ya leo itajwe kama hatua.

Mtetezi wa mamlaka kamili au mkataba

*Linasema nini.* Eneo liwe na mamlaka yake, kisha lishirikiane na mwenzake kwa makubaliano. Quebec mwaka 1980 swali la kura liliomba idhini ya kujadiliana na Kanada kuhusu mamlaka kamili yanayoambatana na ushirika wa kiuchumi. Karibu asilimia 60 walikataa. Zanzibar msemo wa mamlaka kamili na ule wa muungano wa mkataba ulisikika sana mjadala wa katiba ulipoanza kupamba moto mwaka 2012.

*Uzito wake.* Kwa wafuasi ni hadhi, kwa wapinzani ni njia ya uchochoroni ya kuvunja nchi. Kisheria si jambo dogo. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi iliyowahusu wanachama wa chama cha upinzani cha CUF, iliona kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa kuwa mamlaka ya dola ni ya Jamhuri ya Muungano. Miaka kumi baadaye, marekebisho ya Katiba ya Zanzibar yakaandika kwamba Zanzibar ni nchi, miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri hiyo. Anayeandika neno nchi au mamlaka kamili bila kujua historia hiyo fupi atajikuta ameegemea upande.

*Linamfaa nani.* Wanaolitumia wenyewe.

*Linapokwama.* Swali la kiti cha Umoja wa Mataifa lisipoulizwa. Wapo wanaotaka mamlaka kamili wakiwa na maana ya shirikisho lenye nguvu, na wapo wanaotaka viti viwili.

Anayetaka kujitenga, au mtetezi wa uhuru

Majina haya mawili mara nyingi humhusu mtu yuleyule, ndiyo maana yamewekwa pamoja.

*Yanasema nini.* Kujitenga hutazama kutoka kwenye dola inayoachwa. Uhuru hutazama kutoka kwenye dola inayotakiwa. Kuna tofauti nyingine inayozidi hiyo ya mahali pa kusimama: kujitenga kunadai kwamba eneo lilikuwa sehemu halali ya dola. Eritrea haikukubali dai hilo. Iliunganishwa na Ethiopia katika shirikisho mwaka 1952, ikanyang'anywa hadhi yake mwaka 1962, na kura yake ya 1993 iliiona kama kukamilisha uhuru kutoka ukoloni. Somaliland husema imerudisha uhuru iliokuwa nao kwa siku chache kati ya Juni 26 na Julai 1, 1960. Hoja hizi zinaegemea azimio la wakuu wa nchi za Afrika la Cairo, Julai 1964, la kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru. Sahara Magharibi imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya maeneo yasiyojitawala tangu 1963, kwa hiyo kuandika kwamba watu wake wanataka kujitenga ni kuchukua msimamo wa Morocco, inayodai eneo hilo ni lake. Katanga ya 1960 hadi 1963 na Biafra ya 1967 hadi 1970 hazina utata huo. Zilitoka ndani ya dola zilizokwisha kupata uhuru, bila mpaka wa koloni lao wenyewe wa kuushikilia.

*Uzito wao.* Anayetaka kujitenga hujisikia ameshutumiwa. Mpigania uhuru, kwa upande wa pili, amebeba heshima yote ya harakati za kuondoa ukoloni, na ukimpa mtu jina hilo umempa heshima hiyo. Mtetezi wa uhuru wa Scotland au wa Catalonia ni kiasi kinachotosha.

*Yanamfaa nani.* Kujitenga kunafaa kwa tendo na hoja ya kisheria: Katanga ilijitenga, katiba inakataza kujitenga. Mtetezi wa uhuru linafaa kwa mtu na chama.

*Yanapokwama.* Yakibandikwa kwa eneo zima. John Garang aliongoza SPLM, vuguvugu lililopigana kusini mwa Sudan, hadi kifo chake mwaka 2005 akisema anataka Sudan mpya iliyo moja, huku dunia ikiwahesabu wapiganaji wake wote kuwa wanaotaka kujitenga. Januari 2011 Wasudan Kusini walichagua uhuru kwa karibu asilimia 99, lakini matokeo ya 2011 hayageuzi alichosema kiongozi yule. Kosa jingine ni kuwachanganya na watetezi wa kura ya maoni. Catalonia walikuwapo wengi waliotaka kura halali ipigwe ilhali wao wenyewe wasingechagua kuondoka. Swali la nne kati ya maswali yetu lipo kwa ajili ya hao.

Mzalendo, mhaini, gaidi

Haya yashughulikiwe haraka. Mzalendo kwa Kiswahili ni sifa, na kila upande ni mzalendo wa kitu. Ireland ya Kaskazini linamtaja anayetaka kisiwa kiwe dola moja, Madrid linaweza kumtaja anayeipenda Hispania na anayeipenda Catalonia. Litumike ndani ya nukuu ya mtu tu.

Mhaini, mwasi na gaidi ni maneno ya mahakama na ya vitendo. Viongozi wa Catalonia walishtakiwa kwa uasi, na Oktoba 2019 Mahakama ya Juu ya Hispania ikawatia tisa kati yao hatiani kwa kosa jingine, la uchochezi, ambalo baadaye liliondolewa kwenye sheria za nchi hiyo. Gazeti lililowaita waasi kabla ya hukumu lilikuwa limekosea hata kwa kipimo cha mahakama. Aliyelipua bomu asemwe kwa bomu lake. Anayetaka mpaka uhamishwe kwa kura asichanganywe naye kwa sababu wanatumia bendera moja.

Kulingana na kazi uliyo nayo

Kama unaandika habari ya haraka na huna nafasi ya maelezo, acha majina uandike kitenzi: anataka Scotland iondoke Uingereza, anapinga serikali tatu. Herufi zinazoongezeka ni chache na hakuna atakayelalamika.

Kama unafasiri kutoka Quebec, Brussels au Barcelona, usilete neno shirikisho kabla ya kujua mwelekeo wake. Sentensi ikikulazimisha, ongeza kishazi cha mwelekeo mara ya kwanza tu, kisha endelea na jina fupi.

Kama unaendesha mdahalo, mwombe kila upande uandike jina lake, kisha waulize wote maswali manne hadharani. Jina walilojipa litumike katika kuwatambulisha. Jina wanalowapa wapinzani lisitumike na mwongozaji. Kipimo kiwe kimoja: ukimwita mmoja kwa lengo lake, mtetezi wa uhuru, usimwite mwingine kwa anachokikataa, mpinga uhuru. Huyo naye ana lengo, litaje.

Kama unafundisha, anza na Zanzibar au Kenya ambako wanafunzi wanayajua maneno, ndipo uende Hispania na Ethiopia uonyeshe neno katiba likipinduka.

Kama wewe ni mwanaharakati unayechagua jina la kundi lako, tazama sheria ya nchi yako kwanza. Mombasa Republican Council, kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya, ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2010, na Mahakama Kuu ikaliondoa katazo hilo mwaka 2012. Kati ya tarehe hizo mbili, kujitaja mwanachama kulikuwa na gharama ambayo msemo wao wa Pwani si Kenya hauionyeshi. Mahali ambapo dai la uhuru ni halali, jina lililo wazi huzuia ugomvi wa baadaye kuhusu mlichowaahidi wafuasi. Mahali ambapo si halali, eleza muundo mnaoutaka kwa majibu ya maswali manne, yakiwa yameandikwa na kuwekewa tarehe, ili mkishtakiwa mshtakiwe kwa mlichosema wenyewe.